Kabla ya Kununua Skana: Jinsi ya Kukadiria Gharama ya Kuhifadhi Vitabu Vikuukuu Kidijitali

Hii ni mada iliyotolewa kwa wakutubi, maafisa wa fedha na wawakilishi wa wadi katika kikao cha maandalizi ya bajeti ya kaunti. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi wote.



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika maktaba, daftari lenyewe ndilo mali. Kumbukumbu za mabaraza ya enzi ya ukoloni, magazeti ya zamani, ripoti za wilaya, vitabu vya shule vya mwanzo, miswada iliyoandikwa kwa mkono: vyote hivyo vimeandikwa kwenye karatasi, na karatasi huzeeka. Jukumu la kuvitunza haliko mbali na ukumbi huu. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linataja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mkutubi anapofungua kabati na kukuta vumbi la manjano chini ya magazeti, hilo ni jambo la bajeti ya kaunti.

Mada ya leo ni moja: namna ya kukadiria gharama ya kuviweka vitabu hivyo katika mfumo wa dijitali kabla havijasagika. Makadirio yakikosewa, hasara haiishii kwenye fedha. Kitabu kilichokauka huenda kikastahimili kufunguliwa mara moja tu. Kazi ikifanywa ovyo, hakuna nafasi ya pili.

Kwa nini vitabu hivi vinavunjika

Watu wengi hudhani kwamba kitabu kikiwa cha zamani zaidi ndivyo kinavyozidi kuwa dhaifu. Mara nyingi sivyo. Karatasi za karne za nyuma zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na nyingi bado ni imara. Kuanzia katikati ya karne ya 19, viwanda vilianza kutumia mbao, na karatasi zikatiwa dawa zenye shabu ili wino usienee. Mchanganyiko huo huzalisha asidi ndani ya karatasi yenyewe. Asidi hukata nyuzi polepole, karatasi hugeuka rangi kuwa ya kahawia, kisha huvunjika kama jani kavu. Joto na unyevu huharakisha jambo hilo. Gazeti la mwaka 1935 linaweza kuwa dhaifu kuliko kitabu kilichochapishwa miaka 200 kabla yake.

Kenya ina mifano ya karibu. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuingia. Leo ni mali ya umma chini ya Kaunti ya Nairobi, na shirika la Book Bunk limekuwa likishirikiana na kaunti hiyo kuikarabati na kuiweka sehemu ya hazina yake katika mfumo wa dijitali. Huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kazi hizi mbili zinaonyesha kwamba jambo hili linawezekana hapa nchini.

Swali linalopotosha

Afisa wa bajeti anapoletewa ombi la aina hii, swali lake la kwanza huwa: ukurasa mmoja ni shilingi ngapi? Swali hilo ni halali, lakini likiulizwa mapema mno hupotosha.

Katika miaka ya 2000, shirika la Internet Archive la Marekani lilijulikana kwa kupiga picha vitabu kwa takriban senti 10 za dola kwa ukurasa. Ni rahisi kuichukua bei hiyo, kuibadilisha kuwa shilingi na kuizidisha kwa idadi ya kurasa. Lakini bei ile ilitokana na vituo vilivyofanya kazi mfululizo, vitabu vingi vilivyokuwa na afya nzuri, na maktaba ambazo tayari zilikuwa na orodha kamili ya vitabu vyake. Maktaba ya kaunti yenye magazeti yanayosagika na rejista ya mkono haina hata moja kati ya mambo hayo matatu. Bei ya mwenzio ni ya mwenzio. Gharama ya hapa hupimwa hapa.

Hatua ya kwanza: kuijua hali ya vitabu

Kabla ya kutafuta bei, mkutubi huhitaji kujua ana vitabu vingapi na viko katika hali gani. Si lazima kukagua kila kitabu. Iwapo vitabu ni 1,000, inatosha kukagua 100 vilivyochaguliwa bila upendeleo, kwa mfano kila kitabu cha kumi kwenye rafu. Sampuli kama hiyo hutoa picha ambayo kosa lake ni takriban asilimia 10 juu au chini. Kwa makadirio ya kwanza, hilo linatosha.

Kila kitabu huwekwa katika kundi moja kati ya matatu. Kundi la kwanza ni vitabu vyenye afya: jalada limeshika, kurasa zinakunjuka bila wasiwasi. Kundi la pili ni vitabu dhaifu: mshono umelegea, kingo zimeanza kukatika, baadhi ya kurasa zimechomoka. Kundi la tatu ni mahututi: karatasi inavunjika ikiguswa, kurasa zimegandana kwa unyevu, au wadudu wamezitoboa. Wakati wa ukaguzi huandikwa pia ukubwa wa kitabu, idadi ya kurasa, na kama kina ramani au picha za kukunjua. Ramani moja ya kukunjua inaweza kuchukua muda wa kurasa ishirini.

Hatua ya pili: jaribio la saa

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi zaidi, nayo ndiyo msingi wa yote. Vitabu 10 huchukuliwa kutoka kila kundi, jumla 30, na kupigwa picha kwa vifaa vilivyoazimwa au kukodishwa. Muda hupimwa kwa saa, kuanzia kitabu kinapotoka kwenye rafu hadi kinaporudishwa. Ndani yake mna kufuta vumbi kwa brashi laini, kukiweka kitabu kwenye kitanda cha umbo la V ili kisilazimishwe kulala wazi kabisa, kugeuza kurasa, kupiga picha, kurudia zilizotoka vibaya, na kuzipa faili majina.

Skana ya mezani ambayo kitabu hulaliwa kifudifudi na kukandamizwa haifai kwa vitabu hivi. Mashine inayovuta karatasi yenyewe haifai hata kidogo. Kinachofaa ni kamera nzuri iliyofungwa juu, taa mbili zisizotoa joto, na watu wawili: mmoja anageuza kurasa, mwingine anaangalia picha kwenye kompyuta.

Mfano wa hesabu

Takwimu zinazofuata ni za mfano tu. Kila maktaba itaweka zake baada ya jaribio.

Maktaba ina vitabu 1,000 vya kuokolewa, kila kimoja kina wastani wa kurasa 250. Jumla ni kurasa 250,000. Ukaguzi umeonyesha vitabu 500 viko kundi la kwanza, 350 kundi la pili, na 150 kundi la tatu. Jaribio limeonyesha kwamba kwa saa moja kituo hupiga kurasa 200 za kundi la kwanza, 100 za kundi la pili, na 40 tu za kundi la tatu. Siku moja ya kituo hugharimu shilingi 8,000, yaani malipo ya watu wawili, umeme, na uchakavu wa kamera na taa.

Mwenye haraka atapiga hesabu hivi: kurasa 250,000 kwa kasi ya 200 kwa saa ni saa 1,250. Kwa siku ya saa 8, hizo ni siku 156. Kwa shilingi 8,000 kwa siku, jumla ni shilingi 1,250,000. Ukurasa mmoja ni shilingi 5. Ombi linapita kamatini bila maswali.

Sasa hesabu ya pili. Kundi la kwanza lina kurasa 125,000, sawa na saa 625. Kundi la pili lina kurasa 87,500, sawa na saa 875. Kundi la tatu lina kurasa 37,500, lakini kwa kasi ya 40 kwa saa huchukua saa 937 na nusu. Jumla ni takriban saa 2,438. Tena hakuna kituo kinachopiga picha saa 8 mfululizo. Kuna kupanga taa asubuhi, kupumzisha macho, umeme kupotea, kuhamisha faili. Saa 5 za kazi halisi kwa siku ni makadirio ya busara. Basi kazi hii ni ya siku 488, na upigaji picha peke yake hugharimu shilingi milioni 3.9. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya hesabu ya kwanza, na bado kuna mengine.

Ni vyema kuangalia kinachojitokeza ndani ya hesabu hiyo. Kitabu kimoja cha kundi la kwanza kinagharimu shilingi 2,000 kupigwa picha. Cha kundi la pili ni shilingi 4,000. Cha kundi la tatu ni shilingi 10,000. Vitabu mahututi ni asilimia 15 tu ya vitabu vyote, lakini vinakula zaidi ya theluthi moja ya muda.

Hapo ndipo hatari ya bei moja kwa kila ukurasa inapoonekana. Mkandarasi akilipwa shilingi zilezile kwa ukurasa wa kitabu kizima na kwa ukurasa wa gazeti linalovunjika, ataanza na vitabu vizima. Fedha zitaisha kabla hajafika kwenye magazeti, au atayafikia na kuyafanya kwa pupa. Kaunti itakuwa imelipa kuokoa vitabu ambavyo vingeweza kungoja miaka 30, na kuviacha vile ambavyo haviwezi kungoja miaka 3. Ripoti ya mwisho wa mwaka itasema kurasa nyingi zimekamilika, na itakuwa kweli. Lakini hazina iliyotajwa kwenye ombi la fedha itakuwa bado inasagika kabatini.

Kazi isiyoonekana

Kupiga picha si kazi yote. Mwaka 1999, Steven Puglia wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani alichunguza gharama za miradi ya namna hii. Aliona kwamba upigaji picha huchukua takriban theluthi moja tu ya gharama. Karibu theluthi nyingine huenda kwenye kuorodhesha na kueleza kila kitu kilichopigwa picha, na zaidi kidogo ya theluthi huenda kwenye usimamizi na ukaguzi wa ubora. Uwiano huo si sheria, na ni wa Marekani, lakini ni onyo zuri.

Sababu yake si ngumu. Picha 250,000 zisizo na orodha ni sawa na gunia la karatasi. Mwananchi anayetafuta kikao ambamo kijiji chao kilitajwa hataweza kufungua faili moja moja. Lazima mtu aandike jina la kitabu, mwaka, mahali, lugha na yaliyomo. Programu za kusoma maandishi ya chapa husaidia sana kwa Kiswahili na Kiingereza kilichochapwa vizuri, lakini hukosea kwenye gazeti lililofifia. Kwa mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, bado anahitajika msomaji anayezijua hati hizo. Msomaji huyo ni mtaalamu, na malipo yake yapewe mstari wake kwenye bajeti.

Tukirudi kwenye mfano: ikiwa shilingi milioni 3.9 ni theluthi moja, kazi yote ni shilingi milioni 11.7. Asilimia 10 ya dharura ikiongezwa, inafika shilingi milioni 12.87. Ukurasa mmoja sasa ni shilingi 51 na senti kadhaa. Hesabu ya haraka ilisema 5. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Ni kwamba aliyehesabu mwanzo alihesabu kamera, akasahau kitabu.

Gharama ya kila mwaka

Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukipigwa kwa rangi, kwa nukta 400 kwa inchi, bila kubanwa, hutoa faili ya takriban megabaiti 46. Kurasa 250,000 ni takriban terabaiti 11.5. Kanuni inayokubalika ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja kati yake ikae nje ya jengo. Hivyo nafasi inayohitajika ni karibu terabaiti 35. Wasomaji watapewa nakala nyepesi, lakini nakala kuu hubaki ilivyo.

Diski hazidumu milele. Hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na faili hukaguliwa kama bado zinafunguka. Gharama hii si ya mradi. Ni ya kila mwaka wa kifedha, kama umeme na maji. Mfadhili anaweza kulipia kamera, lakini ni nadra kulipia diski ya mwaka wa saba. Kaunti isiyoweka mstari huo itakuwa imehamisha hatari kutoka kwenye karatasi hadi kwenye diski, na diski hufa bila hata kugeuka manjano.

Pa kupunguza gharama

Makadirio mazuri hayaongezi tu. Hupunguza pia, kwa kuuliza maswali manne kuhusu kila kitabu.

Kwanza, je, tayari kimewekwa dijitali kwingine? Kitabu kilichochapishwa London mwaka 1910 huenda kinapatikana bure kwenye mtandao. Dakika tano za kutafuta zinaweza kuokoa shilingi 10,000. Lakini kumbukumbu za baraza la wilaya zilizopigwa taipu hapa zinaweza kuwa nakala pekee duniani. Hizo ndizo za kutangulia.

Pili, je, kinahitaji kupigwa picha sasa, au kinahitaji sanduku? Sanduku la kadibodi isiyo na asidi, rafu iliyo mbali na ukuta wenye unyevu, na chumba chenye hewa hukiongezea kitabu dhaifu miaka mingi kwa gharama ndogo. Kurasa zilizochanika zisibandikwe selotepu, kwa sababu gundi yake huacha doa na kuharibu karatasi zaidi. Masanduku na ukarabati mdogo viwekewe mstari wao kwenye bajeti.

Tatu, je, sheria inaruhusu kukiweka wazi? Nchini Kenya, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Vitabu ambavyo bado vina hakimiliki vitahitaji idhini kabla ya kuwekwa mtandaoni, na kutafuta idhini ni kazi inayochukua muda wa mtu. Nyaraka zenye habari za watu walio hai huangaliwa pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Nne, nani atakisoma? Walimu, wanafunzi, wazee na watafiti waulizwe kabla ya orodha kufungwa. Ushiriki wa umma usiishie kwenye barabara na zahanati.

Mkataba usemeje

Kaunti ikiamua kumpa mkandarasi kazi hii, mkataba utaje bei tofauti kwa kila kundi la vitabu. Useme kwamba vitabu havitoki nje ya jengo la maktaba. Useme kwamba kila kitabu kitahesabiwa kurasa zake na kulinganishwa na picha, na kwamba sehemu ya picha itakaguliwa kwa karibu na afisa wa kaunti. Picha iliyokataliwa irudiwe kwa gharama ya mkandarasi, isipokuwa pale ambapo kuirudia kutakivunja kitabu. Faili zote ziwe mali ya umma, zikabidhiwe katika mfumo wa kawaida usiohitaji programu ya kampuni moja ili kufunguka. Na malipo ya mwisho yasitolewe kabla nakala tatu hazijathibitishwa.

Kaunti ikichagua kuwatumia vijana wake, gharama ya mafunzo iongezwe, na ieleweke kwamba kasi ya mwezi wa kwanza itakuwa ndogo. Faida yake ni kwamba ujuzi utabaki hapa.

Kalenda ya kazi

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katikati ya tarehe hizo kuna miezi minane. Ukaguzi wa sampuli ya vitabu 100 ni kazi ya wakutubi wawili kwa siku chache. Jaribio la vitabu 30 ni kazi ya wiki mbili au tatu. Yote mawili yanaweza kukamilika kwa fedha kidogo kabla ya Aprili, na makadirio yakaletwa yakiwa na takwimu za kabati hili, si za nchi nyingine.

Iwapo fedha hazitatosha kwa vitabu vyote, na mara nyingi hazitoshi, wawakilishi wa wadi watakuwa na orodha mbele yao inayoonyesha kipi ni nakala pekee, kipi ni mahututi, na kila kimoja kinagharimu kiasi gani. Katika mfano uliotolewa, vitabu vyote 150 vya kundi la tatu vinaweza kupigwa picha kwa shilingi milioni 1.5, na kukamilika na orodha zake kwa takriban milioni 4.5. Hiyo ni kazi ya mwaka mmoja. Vitabu vyenye afya vitangoja katika masanduku yao. Hivi vingine havina muda huo.

Wakutubi wa kaunti wako tayari kupokea maswali, na mwananchi yeyote mwenye vitabu, picha au nyaraka za zamani nyumbani anakaribishwa kwenye maktaba iliyo karibu naye kwa ushauri wa namna ya kuzitunza.